Alama z za maabara tatu zenye ithibati: je, iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora?

MsimamiziUbora:

Heshima kwenu nyote. Kazi yangu ni kusimamia ubora wa maji yanayoingia katika bidhaa zetu, na mwaka huu nimepewa jukumu la kuchagua maabara moja ya nje itakayotupimia madini ya risasi kila mwezi. Kikomo tunachofuata ni mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho thamani elekezi ya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Maabara tatu zimeomba kazi hiyo. Zote zina ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, zote zina kipimo cha risasi katika maji ndani ya wigo wa ithibati yao, na gharama zao zinakaribiana kiasi kwamba haziwezi kuamua lolote. Kwa hiyo niliziomba matokeo yao ya upimaji wa umahiri, yaani ile mitihani ambayo mwandaaji hugawa sampuli ileile kwa maabara nyingi, kila moja ikapima kwa siri, kisha majibu yakalinganishwa.

Nilichopewa ni alama z za duru nne za karibuni. Maabara ya kwanza, ambayo nitaiita A, ina 0.3, −0.5, 0.2 na −0.4. B ina 1.3, 1.6, 1.1 na 1.5. C ina −0.8, 2.6, 0.4 na −1.1. Nikipuuza ishara ya hasi na kutafuta wastani, A inapata 0.35, C inapata takriban 1.23 na B takriban 1.38. Ninafahamu kwamba alama isiyozidi 2, iwe chanya au hasi, huhesabiwa kuwa inaridhisha, iliyo kati ya 2 na 3 ina walakini, na ya 3 au zaidi hairidhishi.

Kwa mtazamo wangu wa haraka, A imeshinda kwa mbali, C imejiondoa yenyewe kwa ile 2.6, na B inabaki kuwa ya akiba. Hata hivyo, nilipowasilisha jedwali hili kwa mkuu wangu aliniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu: ikiwa zote tatu zimekaguliwa na kupewa ithibati, tofauti hii ya namba inatuambia nini hasa kuhusu maji yetu? Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijatia saini.

Mkokotozi:

Ndugu MsimamiziUbora, swali la mkuu wako ni zuri kuliko jedwali lako, na ninasema hivyo bila nia ya kukukwaza, kwa sababu jedwali la namna hiyo nimeliona mezani kwa watu wengi wenye bidii kama wewe.

Alama z ni sehemu, na kila sehemu ina asili yake. Juu kuna tofauti kati ya jibu la maabara na thamani rejea ya sampuli, yaani ile inayochukuliwa kuwa ya kweli. Chini kuna mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa majibu, ambao mwandaaji ameuchagua kwa ajili ya tathmini. Wewe umeona matokeo ya mgawanyo tu. Ukiongeza namba ya chini mara tatu, alama ya maabara inapungua mara tatu bila mkemia yeyote kubadilisha chochote katika kazi yake. Ndiyo maana swali la kwanza ninalokuuliza ni hili: je, maabara hizi tatu zilishiriki kwa mwandaaji mmoja? Kama sivyo, kila mwandaaji alitumia mkengeuko gani?

Kiwango cha ISO 13528, kinachohusu takwimu za mitihani hii, ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2022, kinaruhusu mkengeuko huo upatikane kwa njia kadhaa. Mwandaaji anaweza kuuweka kwa kuangalia usahihi unaohitajika na watumiaji wa matokeo, au masharti ya sheria, au jaribio la awali la urudifu wa mbinu, au mtawanyiko wa majibu ya washiriki wenyewe katika duru hiyo. Anaweza pia kutumia mlinganyo wa jumla, na hapa jina linalotajwa mara nyingi ni la William Horwitz, ambaye mwaka 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtawanyiko baina ya maabara huongezeka kwa utaratibu unaotabirika kadiri kiasi kinachopimwa kinavyopungua. Katika kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita, mlinganyo wa Horwitz unatoa mkengeuko wa asilimia 32. Michael Thompson alipendekeza mwaka 2000 kwamba kwa viwango vilivyo chini ya sehemu 120 kwa bilioni tusivuke asilimia 22. Hata hiyo 22 ni pana mno kwa mtu mwenye kikomo cha kulinda, kwa kuwa ukiitumia, maabara inaweza kuripoti 14.4 kwenye sampuli yenye 10 kamili na bado ikaandikiwa kwamba inaridhisha.

Njia ya mwisho, ya kutumia mtawanyiko wa washiriki wenyewe, ina mtego wake. Duru ikiwa na washiriki dhaifu, mtawanyiko unapanuka na kila mmoja anapata alama nzuri. Duru ijayo ikiwa na washiriki hodari, maabara ileile yenye kosa lilelile inaanguka. Alama za namna hiyo hazilinganishiki hata baina ya duru mbili za mwandaaji mmoja.

Tafadhali tafuta ripoti kamili, usitosheke na vyeti vya ukurasa mmoja. Tuletee mkengeuko uliotumika, namna thamani rejea ilivyopatikana, idadi ya washiriki, na shaka ya kipimo ambayo kila maabara inaitangaza, yaani kile kiasi cha kujumlisha na kutoa kinachoandikwa pembeni mwa jibu.

MkemiaWaZamu:

Wakati tukisubiri ripoti hizo, niongeze neno kutoka upande wa meza ya maabara, ambako nimekaa miaka mingi.

Wateja huiogopa sana alama kubwa ya mara moja na huisamehe alama ndogo inayojirudia. Sisi tunaofanya kazi hii tunaogopa kinyume chake. Katika maabara niliyofanyia kazi zamani tuliwahi kupata −15 katika kipimo cha risasi. Ilikuwa aibu iliyotuondolea usingizi, lakini chanzo kilipatikana kabla ya chakula cha mchana: sampuli ilizimuliwa mara 10, na aliyeingiza jibu alisahau kuzidisha kwa 10. Tuliongeza hatua ya mtu wa pili kuhakiki mahesabu, na kosa hilo halikurudi.

Miaka michache baadaye, katika maabara hiyohiyo, alama zetu zilikuwa kati ya 1.2 na 1.5, duru baada ya duru, zote chanya. Hakuna aliyeuliza kitu kwa sababu kila cheti kilisomeka kwamba tunaridhisha. Ilituchukua miezi kadhaa kugundua kwamba mmumunyo wetu wa ugezi, yaani ule tunaosawazishia mashine, ulikuwa ukihifadhiwa na asidi ya nitriki isiyotosha, na risasi ilikuwa inanata kwenye kuta za chupa. Mmumunyo ulipungua nguvu kuliko lebo yake ilivyosema, kwa hiyo kila sampuli ya mteja ilionekana kuwa na risasi zaidi ya iliyokuwa nayo. Kosa la kwanza liligusa sampuli moja. La pili liligusa kila cheti tulichotoa katika kipindi hicho.

Nikiitazama safu ya B ninaikumbuka ile chupa. Siwezi kusema kwamba chanzo ni hicho, lakini namba nne zinazoelekea upande mmoja na kukaribiana kiasi hicho zinastahili swali.

Kipanga:

Naomba kutofautiana kidogo na mnaosema tusipange maabara kwa alama. Sisi wanunuzi hatuna anasa ya kutafakari falsafa ya takwimu. Mwisho wa siku lazima mmoja apate kazi na wawili wakose. Kama alama z haziwezi kutuambia nani bora, kwa nini maabara zinalipa kushiriki? Mimi hujumlisha alama zote za maabara kwa vipimo vyote, nikagawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi yake, na nikapata namba moja ya kulinganisha. Njia hiyo ipo katika vitabu.

Mkokotozi:

Ndugu Kipanga, njia hiyo ipo kweli, na ipo pamoja na onyo lake. Jumla ya alama ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ina maana pale ambapo alama zote ni za kipimo kimoja, zimetolewa kwa kanuni moja ya mkengeuko, na unachotafuta ni mwegemeo wa upande mmoja. Tuijaribu kwa data iliyopo. Jumla ya alama za B ni 5.5, ukigawanya kwa 2, ambayo ndiyo kipeuo cha pili cha 4, unapata 2.75. Maabara isiyo na mwegemeo ingefika umbali huo kwa bahati chini ya mara moja katika mia moja. Jumla ya C ni 1.1, na mgawanyo wake ni 0.55, ambao ni wa kawaida kabisa. Kwa hiyo B, ambayo haijawahi kuvuka 2 hata mara moja, ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa tatizo la kudumu, na C yenye ile 2.6 haina ushahidi huo.

Lakini ukichanganya risasi, nitrati, zebaki na floraidi katika jumla moja, maabara inayozidisha risasi na kupunguza nitrati itatoka na sifuri safi, nawe utaisifu. Ukitumia miraba ili kuepuka hilo, unapoteza ishara, na ishara ndiyo iliyotuonyesha hali ya B.

Kuhusu kupanga kwa nafasi, ISO/IEC 17043 ya mwaka 2010, ambacho ndicho kiwango cha waandaaji wa mitihani hii kabla ya toleo la 2023, ilieleza wazi katika kiambatisho chake cha takwimu kwamba kupanga washiriki kwa nafasi hakupendekezwi kwa sababu kunapotosha. Sababu yake si ya kifalsafa. Katika kundi la maabara 30 zinazofanya kazi kwa ubora uleule, bahati pekee itaziweka katika mpangilio mmoja duru hii na mpangilio mwingine duru ijayo. Nafasi ya 3 na nafasi ya 17 zinaweza kutenganishwa na tofauti ndogo kuliko ile ambayo sampuli zenyewe zinatofautiana chupa kwa chupa.

Tena, kumbuka hesabu ya kawaida: hata maabara isiyo na kasoro, ambayo mtawanyiko wake ni sawa na ule wa tathmini, hutoka nje ya 2 katika takriban asilimia 4.6 ya majibu. Ikiripoti vipimo 20 katika duru moja, uwezekano wa angalau kimoja kuvuka 2 ni karibu asilimia 61. Anayemfukuza kila anayevuka 2 atabaki na maabara zinazopima vitu vichache.

MsimamiziUbora:

Nashukuru sana. Nimepata ripoti kamili na sasa naona aibu kwa jedwali langu la kwanza.

A ilishiriki kwa mwandaaji mmoja, B na C kwa mwandaaji mwingine, na hizi mbili zilikuwa katika duru zilezile. Mwandaaji wa A alitumia mkengeuko wa asilimia 22 ya thamani rejea katika duru zote nne. Mwandaaji wa B na C alitumia asilimia 6. Sampuli zote zilikuwa kati ya mikrogramu 8 na 40 kwa lita. Thamani rejea kwa A ilitokana na namna sampuli ilivyotengenezwa, yaani kiasi cha risasi kilichopimwa kwenye mizani na kuongezwa, na shaka yake sanifu ni asilimia 2. Kwa B na C thamani rejea ni mwafaka wa washiriki. Duru ya pili, ile ambayo C ilipata 2.6 na B ikapata 1.6, ilikuwa na washiriki 12 tu, na mkengeuko thabiti wa majibu yao, yaani ule usioyumbishwa na majibu machache yaliyopotoka, ulikuwa asilimia 9. Duru nyingine tatu zilikuwa na washiriki kati ya 19 na 27.

Shaka ya kipimo inayotangazwa, kwa kizidisho cha 2, ni asilimia 5 kwa A, asilimia 10 kwa B na asilimia 14 kwa C. Kwa jicho langu hapo pia A inaonekana bora, ila nimejifunza kutoamini jicho langu.

Mkokotozi:

Sasa tuna kitu cha kufanyia kazi. Turudishe kila alama katika asilimia, kwa kuizidisha kwa mkengeuko wake.

A ilikosea kwa +6.6, −11, +4.4 na −8.8. B ilikosea kwa +7.8, +9.6, +6.6 na +9.0. C ilikosea kwa −4.8, +15.6, +2.4 na −6.6. Wastani wa ukubwa wa makosa, bila kujali ishara, ni asilimia 7.7 kwa A, 8.25 kwa B na 7.35 kwa C. Ule ushindi wa mbali umetoweka. Maabara tatu ziko pamoja, na kama kuna aliyetangulia ni ile uliyokuwa umeiondoa, ingawa nisingejenga hoja yoyote juu ya tofauti ndogo kiasi hicho inayotokana na duru nne. A haikuwa karibu zaidi na ukweli; ilipimwa kwa rula yenye alama zilizoachana zaidi.

Sasa shaka ya kipimo. Kuna alama nyingine iitwayo zeta, ambayo haigawanyi kwa mkengeuko wa mwandaaji bali kwa shaka ya maabara yenyewe ikiunganishwa na shaka ya thamani rejea. Inajibu swali tofauti: je, maabara inajifahamu? A inatangaza asilimia 5 kwa kizidisho cha 2, yaani 2.5 kama shaka sanifu. Ukiunganisha 2.5 na 2 kwa miraba unapata 3.2. Zeta za A basi ni takriban 2.1, −3.4, 1.4 na −2.8. Tatu kati ya nne zimevuka 2 na moja imevuka 3. Ukipenda namba En, inayotumia shaka pana zote mbili na ambayo haipaswi kuzidi 1, duru ya pili ya A inatoa −1.7. Maana yake ni kwamba A inauza asilimia 5 huku matokeo yake yanaonyesha kitu kipana zaidi. Si lazima iwe inapima vibaya. Inajieleza vibaya, na mteja anayelinganisha jibu na kikomo anategemea maelezo hayo.

Turudi kwenye 2.6 ya C. Thamani rejea ikiwa ni mwafaka wa washiriki, nayo ina shaka, ambayo hukadiriwa kwa kuzidisha mkengeuko thabiti kwa 1.25 na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya washiriki. Kwa washiriki 12 wenye mkengeuko wa asilimia 9 tunapata karibu asilimia 3.2. ISO 13528 inataka shaka hii isizidi 0.3 ya mkengeuko wa tathmini, ambayo hapa ni asilimia 1.8. Imezidi kwa mbali, kwa hiyo alama sahihi ya duru ile ilikuwa z′, inayoongeza shaka ya thamani rejea katika kigawanyo. Kigawanyo kinakuwa asilimia 6.8, na C inapata 2.3. Zeta yake, kwa shaka yake ya asilimia 14, ni takriban 2.0.

Sisemi kwamba C imesafishwa. Hata ikiwa 2.3 bado iko juu ya 2, na kati ya alama nne, kuona moja iliyovuka 2 kwa bahati tu kuna uwezekano wa karibu asilimia 17, yaani si ajabu wala si jambo la kupuuza. Ninachosema ni kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa nzito kuliko ushahidi. Pia angalia kwamba B nayo ilipata alama yake ya juu kabisa katika duru hiyohiyo. Huenda mwafaka wa wale 12 ulikaa chini kidogo ya ukweli.

Mtathmini2:

Nimekuwa nikitathmini maabara kwa ajili ya ithibati, na ningependa kumjibu mkuu wa kazi wa ndugu yetu moja kwa moja, kwa sababu swali lake limeachwa nyuma kidogo.

Ithibati inathibitisha kwamba maabara ina uwezo wa kufanya vipimo vilivyotajwa katika wigo wake, na kwamba inao utaratibu wa kugundua inapokosea. Haisemi kwamba kila maabara iliyothibitishwa ina usahihi sawa na nyingine. Ndiyo maana wigo ni muhimu kuliko nembo. ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, kifungu cha 7.7.2, inaitaka maabara kufuatilia utendaji wake kwa kujilinganisha na maabara nyingine pale inapowezekana na inapofaa, kwa kushiriki katika upimaji wa umahiri au ulinganishi mwingine baina ya maabara. Ukisoma kwa makini utaona kwamba kilichowekwa pale ni wajibu wa kujilinganisha, kuchambua data hiyo na kuchukua hatua. Mtihani huu ulibuniwa kwanza kabisa kama kioo cha maabara yenyewe, na mteja anaazima kioo hicho.

Kwa hiyo ninapofika kwenye maabara siulizi nani amepata 0.2. Ninafungua faili la ile alama mbaya. Iliandikwa lini? Chanzo kilitafutwa mpaka wapi? Je, waliangalia cheti za wateja zilizotolewa katika kipindi kile na kuamua kama ziliathirika? Maabara iliyoandika kwamba mchambuzi ameonywa na suala limefungwa imeniambia mengi, na si mazuri. Nawe kama mteja unaweza kuomba taarifa hiyo ya marekebisho. Matokeo ya mitihani ni siri kati ya mwandaaji na mshiriki, ambaye hutambulishwa kwa namba tu, lakini mshiriki mwenyewe yuko huru kukuonyesha.

Uhuru huo una upande wake wa pili. Umeonyeshwa duru nne za kila maabara. Nani aliyezichagua? Omba orodha ya duru zote za kipimo hiki tangu ithibati ilipotolewa au kuhuishwa, ikiwemo zile ambazo hawakuwasilisha jibu. Maabara iliyojitoa katika duru mbili kati ya sita na kukuonyesha nne zilizobaki haijadanganya kwa maandishi, lakini picha uliyonayo si kamili.

MkemiaWaZamu:

Mtathmini2 amegusa jambo ambalo sisi wa mezani hulisema kwa sauti ya chini, kwa hiyo nilimalizie. Sampuli ya mtihani inatakiwa kupimwa kama sampuli ya kila siku. Nimeona mahali ambapo ikifika, anaitwa mkemia mkongwe kuliko wote, mashine inafanyiwa ugezi upya, na kipimo kinarudiwa mara tatu kisha wastani unaripotiwa. Sampuli ya mteja asubuhi hiyohiyo inapimwa mara moja na aliyeajiriwa mwezi uliopita. Alama z inayotoka hapo ni ya kweli, ila ni alama ya maabara ikiwa imevaa nguo za sikukuu.

Hakuna ripoti itakayokuonyesha hilo. Dawa yake ni sampuli zako mwenyewe, zisizojulikana kuwa ni za majaribio.

Kipanga:

Nakubali kwamba kujumlisha vipimo vyote pamoja kulikuwa kosa, na nitaacha. Lakini bado sijaona mmemsaidia ndugu yetu kuchagua. Mwegemeo wa asilimia 8 wa B una ubaya gani kwake hasa, ikiwa uko ndani ya shaka ya asilimia 10 ambayo B yenyewe imeitangaza?

Mkokotozi:

Ubaya wake unategemea umbali wa maji yake na kikomo. Ikiwa maji yake huwa na mikrogramu 1 au 2 kwa lita, maabara zote tatu zitamfaa na tungeweza kufunga mjadala huu. Ikiwa yanacheza karibu na 10, hali ni nyingine. Maji yenye 9.4 kwa kweli yataripotiwa na B kuwa takriban 10.2, na kiwanda kitasimamisha kazi bila sababu. Mwegemeo ungekuwa wa chini, maji yenye 10.5 yangepitishwa, na hilo ni baya zaidi. Jambo la msingi ni kwamba mtawanyiko wa kubahatisha hupungua ukirudia kipimo na kutafuta wastani, lakini mwegemeo haupungui hata ukirudia mara mia. Shaka iliyotangazwa ya asilimia 10 inauficha tu, haiurekebishi.

Kwa upande mwingine, mwegemeo thabiti hurekebishika ukishapatikana chanzo chake, na urudifu wa B ni mzuri kuliko wa wenzake wawili. B iliyotafuta chanzo na kukiondoa inaweza kuwa maabara bora kuliko zote hapa. B inayosema kwamba haijawahi kuvuka 2 na hivyo haina cha kutafuta, mimi nisingeipa kazi hii.

MsimamiziUbora:

Maji yetu huwa kati ya 6 na 9, kwa hiyo tuko karibu na kikomo kuliko ningependa.

Nimeziandikia zote tatu. C imenitumia taarifa ya kurasa sita kuhusu ile duru ya pili: walipima upya mabaki ya sampuli, wakapata jibu la kawaida, wakafuatilia hadi kwenye fungu la chupa zilizokuwa hazijaoshwa kwa asidi, na wakarudia vipimo vya wateja wanne waliohudumiwa kwa fungu hilo. B imejibu kwa mstari mmoja kwamba alama zake zote zinaridhisha. A imesema itaangalia upya bajeti yake ya shaka ya kipimo, yaani hesabu ya vyanzo vyote vya shaka hiyo, na imekiri kwamba asilimia 5 ilitokana na urudifu wa ndani tu. Orodha kamili za duru nimezipata kutoka C na A, B bado.

Kabla ya kuamua nataka kutuma sampuli za siri kwa A na C, zilizoandaliwa kutokana na sampuli rejea yenye cheti. Nilifikiri kutuma chupa mbili zenye 10 kamili kila moja. Je, hiyo inatosha?

Mkokotozi:

Usitume mbili zinazofanana, kwa sababu mchambuzi mwerevu akiona majibu mawili yanayolingana atajua, na asiyekuwa mwerevu anaweza kuyasawazisha bila kukusudia. Tumia mbinu aliyoieleza William Youden mwaka 1959: chupa mbili zenye viwango vinavyokaribiana lakini visivyolingana, kwa mfano 8.5 na 10.5, zitumwe kwa majina tofauti, katika siku ya kawaida ya kazi. Majibu yote mawili yakipanda pamoja au kushuka pamoja, ni mwegemeo. Moja likipanda na lingine likishuka, ni mtawanyiko. Rudia mara tatu katika wiki tofauti ili usipime siku moja nzuri.

MkemiaWaZamu:

Na utie asidi ya nitriki ya kutosha kwenye chupa zako, ndugu yangu, tena uzijaze siku ileile unayozituma. La sivyo risasi itanata kwenye kuta za chupa zako, na utazihukumu maabara hizo kwa kosa lililoanzia mezani kwako.